Herufi ya Sequoyah Ilivyogeuzwa Kubwa

Chukua Ꭰ, silabi "a" ya Kicherokee, msimbo 13A0. Tangu toleo la 3.0 (1999) la Yunikodi, sanifu inayoipa kila herufi msimbo wake kwenye kompyuta, ilikuwa herufi tu, haina kubwa wala ndogo, kama zilivyo za Kiarabu. Juni 2015 likatoka toleo la 8.0, na Ꭰ ikaamka ikiwa herufi kubwa. Ndogo yake, ꭰ, ikapewa kiti kule mbali, AB70. Uamuzi huo ulikosewa, na sioni sababu ya kuuzungushia maneno.

Kuongeza seti ya pili sikupingi. Agano Jipya la Kicherokee la 1860 lilichapwa kwa saizi mbili za umbo moja, na aliyetaka kulinakili kwenye kompyuta hakuwa na njia. Swali lilikuwa moja tu: zile 85 zilizokuwamo tayari ziitweje? Waamuzi wa Yunikodi wakatazama fonti, wakaona zimechorwa kwa kimo cha herufi kubwa, wakasema basi ni kubwa. Kimo cha mchoro kikapewa uzito kuliko mkono wa mwandishi! Vibao vya barabara za Tahlequah, mji wa Wacherokee, vitabu vya shule, ujumbe wa simu, vyote vimeandikwa kwa herufi hizohizo mwanzo hadi mwisho. Herufi ya kila siku ndiyo ndogo. Kubwa ni ile unayoitafuta kwa makusudi.

Tazama kilichofuata. Programu nyingi hulishusha neno kuwa herufi ndogo kabla ya kulitafuta au kulihifadhi. Neno la Kiswahili halidhuriki. La Kicherokee linahamishwa lote hadi seti mpya, na kama fonti ni ya kabla ya 2015, msomaji anabaki na visanduku vitupu mahali pa lugha yake. Kisha kuna ulinganishi usiojali ukubwa wa herufi. Yunikodi iliahidi kwamba matokeo yake kwa maandishi ya zamani hayatabadilika kamwe, kwa hiyo ikabidi Kicherokee kilinganishwe kwa kupandisha, wakati mifumo mingine ya maandishi hushusha. Wangeziita za 1999 ndogo na kuleta kubwa mpya, pasingehitajika kanuni ya pekee hata moja.

Na haikuwa ndoto. Mwaka 2018, katika toleo la 11.0, Kijojia kiliongezewa herufi kubwa, na zilizokuwapo zikabaki ndogo. Fonti zilisumbua huko pia, ila ulinganishi haukugeuzwa kichwa chini.

Nimelisema hili miaka mingi na nitalirudia: kosa la Yunikodi halifutiki. Jina rasmi la msimbo FE18 lina neno la mabano lililopinduliwa herufi, na litabaki hivyo milele, limebandikiwa sahihisho pembeni. Palipo na wino usiofutika, kalamu haishushwi kwa kufuata kimo cha fonti.

Toleo lilelile la 8.0 lilirudisha silabi "mv", ya 86 ya Sequoyah, mbunifu wa maandishi haya, iliyoachwa na wachapaji. Kazi safi.

Sequoyah mwenyewe hakujua kusoma Kiingereza. Alianza kwa kutunga alama moja kwa kila neno, akaona hazina mwisho, akaitupa kazi yote na kuanza upya na silabi. Kufikia 1821 alikuwa amemaliza, na 1828 gazeti la Cherokee Phoenix lilichapwa New Echota kwa herufi za risasi zilizosubuliwa Boston. Alisikiliza kwanza watu wanavyotamka, ndipo akachora. Subira hiyo ndiyo niliyoitafuta katika uamuzi wa 2015, sikuiona.

Ꭰ itabaki kubwa. Kwa hiyo anayechora fonti ya Kicherokee leo aziweke ndogo zote 86, hata kama mteja hakuziomba, na mwandika programu, kabla ya kushusha herufi, akague kwanza kama neno lina herufi za safu inayoanzia 13A0.