Taya Limefungwa, Protini Itapita Wapi?

Aliyevunjika taya la chini, akafungwa waya au kuwekewa sahani za chuma, hutoka hospitalini na agizo fupi: asitafune kitu kwa wiki sita, anywe vya majimaji tu. Kwa mfupa, agizo hilo ni sahihi. Kwa mwili mzima lina pengo, na pengo hilo huonekana zaidi Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, kuliko katika miji ambako vitabu vya upasuaji huandikwa. Chakula cha kila siku cha nyumba nyingi kandokando ya Ziwa Tanganyika kimegawanyika vibaya kwa mgonjwa wa aina hii: kilicho laini karibu chote ni wanga, na chenye protini karibu chote kinataka meno. Bugali wa muhogo humezwa, lakini ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, hutafunwa na vichwa na miiba yao, maharage yana maganda, nyama ya kukaushwa ndiyo usiseme. Ukimkataza mtu wa huku kutafuna, ukaishia hapo, umemnyima protini katika majuma yale yale ambayo mfupa unaidai kuliko wakati wowote. Ninachotetea ni kwamba marufuku ya kutafuna ni sehemu ya upasuaji wenyewe, sawa na waya, na haijakamilika mpaka iandikwe kwa vyakula vya soko la Baraka na kwa vyombo vya jikoni la Baraka.

Tuanze na chanzo cha marufuku, maana wengi huidhani ni ya kupunguza maumivu tu. Mtu mzima mwenye afya akibana magego hutoa nguvu ya nyutoni 300 hadi 600, na wengine huzidi. Nguvu hiyo hupita kwenye mfupa wa taya, na penye ufa huuvuta upande wa juu na kuubana upande wa chini. Mtafiti wa Uswisi Stephan Perren alieleza jambo hili kwa kipimo cha mvuto ndani ya ufa: tishu changa inayoziba ufa mwanzoni huvumilia kuvutwa hata mara mbili ya urefu wake, gegedu huvumilia kama asilimia 10, lakini mfupa wenyewe asilimia 2 tu. Katika ufa wa milimita 1, asilimia 2 ni milimita 0.02, pungufu ya unene wa unywele. Anayetafuna kwa siri wiki ya pili huenda asisikie maumivu makali, kwa kuwa tishu iliyopo bado ni ya kunyumbuka. Kinachotokea ni kwamba kila tonge huirudisha nyuma, isigeuke mfupa. Matokeo huja baadaye: ufa usiounga, usaha, au meno ya juu na ya chini yasiyokutana tena maisha yote.

Namna ya kufunga nayo ina uzito. Njia ya waya ni ya zamani. Daktari wa meno wa Marekani, Thomas Gilmer, aliipa nguvu mpya mwaka 1887 kwa kuyafunga meno ya chini kwenye ya juu, na msingi wake haujabadilika: kipande chembamba cha chuma hupindwa kufuata safu ya meno, hushikwa kwa waya usioshika kutu kwenye jino baada ya jino, kisha nyaya za wima huyaunganisha mataya mawili. Meno ndiyo kipimo. Yakikaa yalivyokuwa yakikaa kabla ya ajali au risasi, mfupa nao umerudi mahali pake. Njia ya sahani ndogo na skrubu ilianzishwa Ufaransa na Michelet mwaka 1973, kisha Maxime Champy wa Strasbourg akaonyesha mistari ambayo sahani inapaswa kuifuata juu ya mfupa. Hapa ndipo penye kosa kubwa la uelewa. Mwenye sahani huweza kufungua mdomo, basi hujiona ameruhusiwa kula. Sahani hizo nyembamba zilibuniwa kugawana mzigo na mfupa, si kuubeba peke yake, na zinategemea kwamba mgonjwa hatang'ata kwa nguvu zake za kawaida katika majuma ya mwanzo. Sahani nene zinazobeba mzigo wote zipo, kwa mfupa uliosagwa na risasi au uliokatwa kwa sababu ya uvimbe, ila hazipatikani kila mahali. Kutoka Baraka hadi Uvira ni kama kilomita 90 za barabara mbovu, na kutoka Uvira hadi Bukavu zaidi ya 100 nyingine. Na tangu waasi wa M23 walipoiteka Bukavu, Februari 2025, rufaa kwenda huko si suala la daktari peke yake. Ndiyo maana naona waya bado ni chaguo la busara kwa mataya mengi ya Fizi. Ni rahisi na hauhitaji mitambo mingi, na akiutumia mwenye mkono mzuri hutoa matokeo mema. Gharama yake hulipwa mezani: mdomo haufunguki kabisa, na chakula chote sharti kipite kwenye mianya ya meno na nafasi iliyo nyuma ya gego la mwisho.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 anayeponya mfupa anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo, yaani 72 hadi 90 kwa siku, na kilokalori zisizopungua 1,800. Nyumbani atapewa uji. Uji mwembamba wa kupita kwenye mrija hubeba kama gramu 100 za unga kwa lita, na hizo ni kilokalori 350 hivi. Ili atosheke kwa uji huo anywe zaidi ya lita tano kwa siku, jambo ambalo tumbo halikubali. Na ukiwa wa muhogo, ambao protini yake ni asilimia moja au mbili, hata angezimaliza zote asingepata gramu 15. Haishangazi kwamba wanaofungwa taya hupungua kilo kadhaa hata katika nchi zenye mashine za kusagia chakula na maziwa ya kopo. Huku wengi huanza wakiwa wamekwisha kukonda, baada ya kukimbia vita au kuugua malaria.

Dawa ya tatizo hili imo katika kinu. Ndakala waliokaushwa vizuri ni protini kwa takriban asilimia 60, na mifupa yao ni chokaa ya bure kwa mfupa wa mgonjwa. Lakini hawaingii mdomoni walivyo. Wengi huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, kwa hiyo kwanza waoshwe, waanikwe tena, wakaangwe bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, ndipo watwangwe na kuchekechwa kwa kitambaa, si kwa chekecheo la kawaida. Kipande kidogo cha mwiba kikinasa kati ya waya na ufizi ni mwanzo wa kidonda. Lita moja ya uji iliyotiwa gramu 150 za unga wa mahindi, gramu 50 za unga wa ndakala, gramu 50 za karanga zilizosagwa na vijiko viwili vikubwa vya mawese hufikia, kwa makadirio, kilokalori 1,200 na protini zaidi ya gramu 50. Lita moja na nusu, ikigawanywa mara sita au saba kwa siku, inamtosha mtu wetu wa kilo 60. Mawese yabaki mekundu, yasichomwe mpaka yakageuka meupe, maana wekundu huo ndio chanzo cha vitamini A. Sombe, yaani majani ya muhogo, nayo ina nafasi. Imekwisha kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Mchuzi wake uliochujwa unafaa, ila nyuzi zake ni adui wa waya.

Mpishi yeyote atauliza mara moja: uji wenye vitu vyote hivyo utapitaje kwenye mrija? Hautapita, usipolainishwa, na kuongeza maji ni kurudi tulikotoka. Jibu lilitafitiwa Tanzania miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa, nalo ni kimea. Mahindi au ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, una kimeng'enya kinachoukata wanga. Kijiko kimoja au viwili vikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uwe moto bila kuchemka, uji hulegea ndani ya dakika chache bila tone la maji. Ukitiwa ungali unatokota, kimeng'enya hufa na hakuna kitakachobadilika. Baada ya kulegea, uji urudishwe motoni uchemke tena, kisha uchujwe. Mtama uliooteshwa nisingeushauri, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu ya jamii ile ile ya muhogo mchungu. Maarifa haya si mageni kwa wapika pombe wa kienyeji. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapeleka kwenye kitanda cha mgonjwa wa taya.

Kuchemsha mara ya pili kuna sababu nzito. Kipindupindu kimekaa katika ukanda huu wa ziwa kwa miongo mingi, na Baraka ni miongoni mwa miji iliyozoea vituo vya kukitibu. Chakula cha majimaji ni maji kwa sehemu kubwa, na maji ya ziwa yasiyochemshwa yakitumiwa kusuuza chujio au sirinji yanatosha kuleta maafa. Kwa mtu mwingine kutapika ni taabu. Kwa aliyefungwa mataya ni hatari ya kupaliwa hadi kufa. Agizo la kawaida ni kwamba koleo dogo la kukata waya lisikae mbali naye, na gademalade wake, yaani ndugu anayelala naye na kumpikia, aonyeshwe nyaya za wima zinazokatwa. Nakubaliana nalo, ila naona halitoshi, maana usiku wa giza katika vijiji kama Lulimba au Mboko si wakati wa kujifunza kutumia koleo. Kinga ya kwanza ni chujio: kilichoingia kwa kupita mwanya wa jino kinaweza pia kutoka kwa mwanya huo huo, mgonjwa akiinama uso chini, ilhali tonge lililosukumwa kwa kidole haliwezi. Pombe za kienyeji, kasiksi na lotoko, zipigwe marufuku kwa hofu hiyo hiyo ya kutapika, hata kama mgonjwa atadai kwamba nazo ni majimaji.

Kuna wanaopinga kwa hoja nzuri. Wa kwanza husema bugali hautafunwi, basi mwenye sahani auruhusiwe siku ya kwanza. Wana nusu ya ukweli. Tonge laini lililochovywa kwenye mchuzi haliupi mfupa mzigo mkubwa, na kuanzia wiki ya tatu au ya nne sioni ubaya wake kwa mwenye sahani imara. Tatizo ni kitoweo kinachofuatana nalo, na tumbo lililojaa wanga lisilobakiza nafasi ya protini. Wa pili wana hoja nzito zaidi: kufunga taya muda mrefu huligandisha. Ni kweli, hasa ufa ukiwa kwenye kichwa cha taya, karibu na sikio. Hapo nyaya za wima hukatwa baada ya wiki mbili hivi na mgonjwa huanza mazoezi ya kufungua mdomo, na watoto hufunguliwa mapema kuliko watu wazima kwa kuwa mifupa yao huunga haraka. Lakini kufungua si kung'ata. Mwendo wa taya tupu ni nguvu ndogo, na kuuruhusu hakumruhusu mtu mahindi ya kuchoma. Agizo linalotaja wiki bila kutenganisha mambo hayo mawili humchanganya mgonjwa, kisha lawama humwangukia yeye. Wengine hupendekeza mpira wa kupitia puani. Unafaa siku za mwanzo au jeraha likiwa kubwa, lakini si wa kwenda nao nyumbani.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la umaskini. Aliyehama kijiji, au mkimbizi wa Burundi kambini Lusenda, atawapata wapi ndakala wa kila siku? Tena samaki hao wana majira: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitanda mavuno hupungua, na mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilianza kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Sina jibu la kumaliza kila kitu. Gramu 75 kwa siku, za lita moja na nusu ya uji, kwa wiki sita ni kama kilo tatu na kidogo, mzigo unaoweza kununuliwa mara moja, kutwangwa na kutunzwa mkavu. Pasipo samaki, maharage yaliyomenywa na kupondwa, soya na karanga huziba sehemu kubwa ya pengo, na maziwa ya ng'ombe wa nyanda za juu, yanaposhuka sokoni, ni bora kuliko yote hayo. Kilicho ghali kuliko chakula hiki ni taya linalofunguliwa wiki ya sita na kukutwa bado linacheza.

Hilo la wiki ya sita lisikadiriwe kwa kalenda peke yake. Mpasuaji hukata nyaya za wima, huacha vyuma vya safu ya meno, kisha hulijaribu taya kwa mikono. Lisipocheza wala kuuma, mgonjwa huanza na ndizi iliyopondwa, yai, na samaki aina ya mikeke wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Vyuma hutolewa siku kadhaa baadaye, meno yakizidi kukutana vizuri. Bugali na sombe hufuata. Karanga nzima, nyama ya kukaushwa na muwa visubiri hadi karibu mwezi wa tatu, na muwa uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu haung'atwi tu, unavutwa kwa meno ya mbele, na kuvuta huko huufungua ufa upande ule ule ambao Champy alitaka sahani ikae.