Psalmus Hungaricus: Zaburi ya Kilio Kwenye Sherehe ya Mji

Ukimwagiza mtunzi kazi ya kuadhimisha miaka 50 ya mji, unategemea shangwe. Novemba 1923 Budapest ilitimiza nusu karne tangu Buda, Pest na Óbuda ziungane, na watunzi watatu wakaombwa kazi mpya. Dohnányi alileta utangulizi wa sherehe, Bartók akaleta mfululizo wa ngoma. Zoltán Kodály yeye akaleta kilio: Psalmus Hungaricus, kazi ya kwaya, okestra na mwimbaji mmoja wa tena (sauti ya tatu, kama wanakwaya wetu wanavyoiita), iliyojengwa juu ya Zaburi ya 55.

Hebu fungua Zaburi hiyo kwenye Biblia yako. Mwenye kuomba amezingirwa, anatamani mabawa ya njiwa aruke akajifiche mbali, na kinachomchoma zaidi ni usaliti wa rafiki. Halafu kuna jambo la mji: mji umejaa ugomvi na dhuluma. Yaani Kodály alikwenda kwenye sherehe ya mji na Zaburi inayoulaumu mji!

Alikuwa na sababu. Mwaka 1920 mkataba wa Trianon uliipokonya Hungaria takriban theluthi mbili za ardhi yake. Yeye mwenyewe, baada ya misukosuko ya kisiasa ya 1919, aliondolewa kwenye unaibu mkurugenzi wa chuo cha muziki. Lakini hakusema lolote kwa kinywa chake. Aliazima maneno ya Mihály Vég, mshairi wa mji wa Kecskemét wa karne ya 16, zama ambazo Waturuki waliishika Buda. Vég alikuwa ameitunga upya Zaburi kwa Kihungaria, akamvika Daudi machungu ya watu wake. Kwa hiyo tunasikia vilio vitatu katika koo moja: cha Daudi, cha Vég na cha Kodály.

Kwa sisi wapenzi wa fasihi, utamu uko kwenye swali moja: nani anasema? Kwaya inaanza kwa kusimulia, kwa nafsi ya tatu, kwamba Daudi aliomba akiwa na huzuni kuu. Wimbo wake ni mpole, una ladha ya nyimbo za wakulima ambazo Kodály alizikusanya vijijini, ingawa aliutunga mwenyewe. Ndipo tena anaingia na "mimi". Kila hasira yake inapopanda, kwaya inarudi na wimbo uleule wa msimulizi, kama wazee wanaokaa na mfiwa bila kumkatiza.

Mpangilio huo ndio unaoiokoa kazi. Zaburi hii inaomba maadui waangamie, na taifa lenye kidonda lingeweza kuligeuza ombi hilo kuwa wimbo wa kisasi. Kodály anaiacha hasira isikike yote, kisha anaituliza okestra. Kinubi kinapigwa, na tena anaiambia nafsi yake imtegemee Mungu. Kwangu hicho ndicho kilele, maana faraja inakuja wakati hakuna kilichobadilika.

Baadaye kwaya nzima inalipuka kuusifu uadilifu wa Mungu, na hapo ndipo ninapoishika kazi hii shati. Kwa dakika chache inanguruma kama jeshi lililoshinda, wakati maneno hayajatuonyesha ushindi wowote. Bahati nzuri haiishii hapo. Sauti zinashuka, wimbo wa msimulizi unarudi, na kwaya inatuambia kwa upole kwamba haya Daudi aliyaandika katika Zaburi, ya hamsini na tano, na kwamba yamefanywa wimbo ili kuwafariji wenye uchungu.

Ukitaka kuisikiliza, isome Zaburi kwanza. Halafu fuatilia lini inaimbwa "Daudi" na lini inaimbwa "mimi". Kihungaria hakitakusumbua sana: kwaya inasimulia, mtu mmoja analia.