Moto Mfukoni: Ucheshi katika Masimulizi ya Syokimau

Masimulizi ya Syokimau, mtabiri mwanamke wa Wakamba, yameenea Kitui na Makueni kama yalivyoenea Machakos. Husimuliwa kwamba, kabla ya Waingereza kufika, alitabiri ujio wa watu wasemao kama ndege na wabebao moto mifukoni, pamoja na nyoka mrefu aliyelala toka bahari moja hadi nyingine. Mjadala juu yake aghalabu huzunguka swali moja: je, utabiri ulitangulia tukio? Hilo ni swali la mwanahistoria, nalo limeifunika sanaa ya masimulizi yenyewe.

Sanaa hiyo ni ya kitendawili. Katika ndai, kama Wakamba wakiitavyo kitendawili, kitu cha kila siku huvuliwa jina na kubakishiwa sifa chache za ajabu. Jina lirudipo, hadhira hucheka. Kibiriti huwa moto usiounguza nguo. Mazungumzo ya Waingereza huwa mlio wa ndege. Gari moshi huwa nyoka. Viktor Shklovsky alieleza mwaka 1917 kwamba sanaa hukifanya kigeni kile kilichozoeleka. Hapa, hata hivyo, kilichozoeleka ni cha Mwingereza, naye mgeni aliyezoea kuziandika mila za wenyeji kama vioja ageuzwa kioja yeye mwenyewe.

Ucheshi huo hauondoi uchungu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipolazimisha kupunguzwa kwa mifugo, Wakamba waliandamana hadi Nairobi; kiongozi wao, Muindi Mbingu, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hadhira inayomcheka nyoka inajua pia kwamba nyoka huuma.

Kwa hiyo haitoshi kuyafundisha masimulizi haya kama utabiri tu. Mwanafunzi afundishwaye hivyo humwona Mkamba akistaajabia uwezo wa mgeni. Ayasomaye kama kejeli humwona akimpima mgeni huyo kwa mizani yake mwenyewe. Nao mzaha haujakoma: tangu mwaka 2017 kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya kiko mahali paitwapo Syokimau. Nyoka wa pili amelala kwenye jina la aliyemtabiri wa kwanza.