Mji Umetolewa, Jibu Liko Wapi?

Mbwa yule aliitwa Tiger. Katika riwaya ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1838, inayosimulia safari za Arthur Gordon Pym baharini, kijana Pym amejificha ngamani mwa merikebu, gizani, maji ya kunywa yakimpungukia, kumbe mbwa wake yumo humo humo. Pym anampapasa na kugundua kuwa amefungwa uzi mwilini, na kwenye uzi pana karatasi. Ni barua ya rafiki yake Augustus, imeandikwa kwa damu. Baadaye mbwa huyo huyo anamrukia mmoja wa mabaharia waasi na kumuuma kooni, na merikebu inarudi mikononi mwa kina Pym. Kisha inakuja dhoruba, inakuja njaa, watu wanafikia hata kumla mwenzao, na Tiger hatajwi tena. Hatuambiwi kwamba alizama wala kwamba alikufa. Mwandishi amemsahau.

Naanza na mbwa huyu kwa sababu wasomaji wengi wa hadithi za fumbo na safari huhukumu kwa pupa. Wakikuta jambo halikuelezwa, husema kitabu kina tundu. Si kila kilichoachwa wazi ni tundu. Kipimo chake tunacho tangu utotoni, kwenye vitendawili. Mtegaji anatega, wateguaji wanajaribu, wakishindwa anadai mji. Akishapewa mji hana hiari tena: lazima atoe jibu. Lakini mji hutolewa kwa kitendawili kilichotegwa tu. Huwezi kumdai mtu jibu la jambo alilolitaja kwa kupita.

Basi unaposoma, angalia kwanza kama mwandishi alitega. Je, mhusika aliuliza swali kwa sauti? Je, jambo lilirudi mara ya pili na ya tatu? Je, wewe ulikesha kwa ajili yake? Mimi husoma na penseli: kila swali lililotegwa naliandika nyuma ya kitabu pamoja na namba ya ukurasa, na likijibiwa nalipiga mstari. Nikimaliza kitabu, orodha yangu inanieleza mengi kuliko jalada.

Mfano wa kazi safi ni mbwa mwingine, Top, katika riwaya ya Jules Verne ya miaka ya 1874 na 1875 kuhusu watu watano waliotupwa na puto kwenye kisiwa kisicho na watu. Ndani ya pango walilolifanya nyumba mna kisima kinachoshuka hadi baharini. Top anakizunguka mdomoni, anaguna. Watu wanashangaa, wanaendelea na kazi zao. Siku nyingine anaguna tena. Injinia Cyrus Smith anateremka kwa ngazi ya kamba, anakagua kuta, haoni kitu. Hapo kitendawili kimetegwa barabara, tena kwa ukarimu, maana dalili imewekwa mbele ya macho yetu. Sura nyingi baadaye, kijana Herbert yu mahututi kwa homa, na asubuhi inakutwa kwinini mezani, hakuna ajuaye imetoka wapi. Mwishoni Kapteni Nemo, aliyekuwa amejificha kisiwani, anajitokeza, na mambo haya mawili yanapata mwenyewe: ndiye aliyeleta dawa, ndiye aliyekuwa akifika chini ya kisima kusikiliza mazungumzo yao. Msomaji anarudi ukurasa ule wa kwanza wa Top na kuona kwamba mbwa alikuwa mkweli siku zote. Raha hiyo ya kurudi nyuma ndiyo alama ya fundi.

Riwaya hiyo hiyo ina kasoro ya aina nyingine: miaka ya Nemo hailingani na ile iliyotajwa katika kitabu cha kwanza alimotokea. Hiyo ni hesabu iliyokosewa. Hakuna aliyetegwa hapo, nami sipunguzi alama nyingi kwa kosa hilo.

Waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani watakumbuka almasi zilizobaki nyuma ya mlango wa jiwe, na njia ya kuzirudia isionekane. Mwandishi wake, Haggard, hadaiwi chochote. Safari ilianza kwa kumtafuta ndugu yake Sir Henry, mmoja wa wasafiri, na ndugu huyo anapatikana. Hazina iliyobaki chini ya mlima inaachiwa ndoto zetu, na ni haki yake kubaki huko. Raymond Chandler simsamehe upesi hivyo. Katika The Big Sleep ya mwaka 1939, dereva Owen Taylor anakutwa amekufa ndani ya gari lililotumbukia baharini, na hatujui kwa hakika nani alimuua. Maiti ni swali lenyewe, hata kama mpelelezi ana shughuli kubwa zaidi. Ndiyo maana namheshimu mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla: tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, anajua kuwa rafiki yake Najum, na sisi pamoja naye, tunasubiri kuelezwa.

Turudi kwa Poe, maana kitabu chake kinaishia wazi kabisa. Mtumbwi unavutwa kusini, maji yanazidi joto na kuwa kama maziwa, majivu meupe yanaanguka, na mbele linasimama umbo kubwa la mtu aliyefunikwa, ngozi nyeupe kama theluji. Hapo simulizi linakatika. Maelezo yanayofuata yanadai kwamba Pym amekufa na sura za mwisho zimepotea. Wengi hukasirika. Mimi naona mji umelipwa. Kwa sura kadhaa weupe ulikuwa ukitukaribia hatua kwa hatua, wenyeji wa kisiwa cha Tsalal wakiuogopa, na sasa tumefikishwa mbele yake. Tumeonyeshwa kile tulichokuwa tukisafirishwa kukiona. Jina lake silidai. Kwenye orodha yangu ya penseli swali hilo lina mstari juu yake. Lisilo na mstari ni moja tu, la mbwa wa ngamani.