Tundu la Nozeli: Jiko la Uani Linapoachana na Mtungi

Jiko lenyewe ni la nyama choma, la vichomeo vinne, nalo limekaa uani kwa Mmombasa mmoja anayeishi pembezoni mwa Houston. Lilitoka dukani likiwa la propeni, linatumia ule mtungi wa kilo 9. Ndani ya nyumba kuna bomba la gesi asilia linalochemsha maji na kuleta joto wakati wa baridi, basi mwenyewe akachoka kubeba mitungi ilhali gesi imepita ukutani kwake. Mtungi uliojaa una takriban megajuli 450, na vichomeo vyote vikiwaka kwa nguvu hula megajuli 42 kwa saa. Yaani mtungi huisha kwa muda wa saa kumi na kidogo tu, na mwenye jiko ana wageni kila Jumamosi.

Alianza kama wanavyoanza wengi. Akatoa regulata na mpira wa mtungi, akafunga vya gesi asilia, akawasha. Moto ulikuja, lakini wa kinyonge. Kuku akakauka kabla hajapata rangi. Akadhani bomba limeziba. Halikuziba.

Tatizo lilikuwa kwenye nozeli, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopitisha gesi kuingia kwenye kichomeo. Mita moja ya ujazo ya propeni hutoa megajuli 93 hivi. Ya gesi asilia, karibu 38. Ili joto libaki lilelile, kichomeo kinahitaji gesi asilia nyingi zaidi, kiasi cha mara mbili na nusu kwa ujazo. Tena propeni hufika jikoni kwa shinikizo la kilopaskali 2.7, wakati gesi asilia, ikishapita kwenye regulata ya jiko hili, hubaki na kilopaskali 1 tu. Shinikizo dogo huipunguzia kasi. Kwa bahati gesi asilia ni nyepesi: uzito wake ni kama 0.6 ya ule wa hewa, na wa propeni ni 1.5, na gesi nyepesi hupenya tunduni upesi zaidi. Hasara ya shinikizo na faida ya wepesi zinakaribia kufutana. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia tundu: eneo lake likue mara 2.5, maana yake kipenyo mara 1.6. Tundu la milimita 1 liwe la 1.6. Ukiacha nozeli za zamani, unapata asilimia 40 ya moto, na hicho ndicho alichokipata.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Nozeli ya gesi asilia ikiunganishwa na mtungi wa propeni, moto huzidi mara mbili na nusu, mweusi wa masizi, unaotoka nje ya jiko. Aliyebadilisha jiko alibandike maandishi, maana ipo siku litauzwa.

Nozeli zilipobadilishwa, vichomeo vilirudi na nguvu zao. Hewa haikuhitaji kurekebishwa sana, kwa kuwa kwa kila megajuli gesi hizi mbili hutaka hewa karibu sawa. Moto wa buluu uliotulia ni mzuri. Wa manjano unalilia hewa. Unaoruka juu ya kichomeo na kuvuma umepewa hewa kupita kiasi. Kilichosumbua ni moto mdogo: upepo kidogo tu, unazimika. Vali nyingi zina skrubu ndogo katikati ya shina la kitufe, nayo ndiyo ya kurekebisha moto wa chini. Vifurushi vingi vya kubadilishia jiko havisemi neno juu yake.

Mwisho ni povu la sabuni kwenye kila kiungo, kabla ya kuwasha. Propeni ikivuja hulala chini. Gesi asilia hupanda, hivyo uani pasipo paa hupotea hewani, lakini chini ya baraza hujikusanya darini. Bomba jipya kutoka kwenye mita ni kazi ya fundi mwenye leseni, na hapo sina mjadala.

Dar es Salaam nako hesabu hii ipo. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo ilifika jijini mwaka 2004, na baadhi ya nyumba zimeunganishwa na mabomba ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Jiko la mtungi linalohamia huko linakutana na swali lilelile, ila gesi ya mitungi yetu ina butani pia, yenye joto kubwa zaidi kwa ujazo, hivyo pengo la nozeli huzidi.

Ushauri wangu: usitoboe nozeli kwa keekee. Nunua zilizopimwa kwa modeli ya jiko lako na kwa shinikizo la regulata yako, kwa sababu pale gesi asilia inapofika kwa kilopaskali 1.7, tundu la 1.6 nalo linakuwa kubwa mno, 1.4 linatosha. Kama mtengenezaji hauzi nozeli hizo, au anakataza kubadilisha, uza jiko hilo ununue lililoundwa kwa gesi asilia tangu kiwandani.