Ukwapi na Utao wa Gitaa: Tabora, London na Nusu ya Wimbo Tusiyoisikia

Wapenzi wa ushairi wa pwani tuna desturi moja ambayo haijapata kuulizwa maswali ya kutosha. Tunapotaka kuupima wimbo wa dansi, huyaandika maneno yake katika karatasi, tukayatazama vina na mizani, tukayachambua mafumbo kama yamo, kisha tukatoa hukumu. Aghalabu hukumu huwa kali: maneno ni machache, vina vinayumba, fumbo halina kina. Na pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yakabaki yakisemezana peke yao, sisi hukunja karatasi yetu na kusema kwamba wimbo umekwisha, sasa watu wacheze.

Makala hii inadai kwamba hapo ndipo tunapokosea. Wimbo wa dansi kama ulivyopigwa Tabora katika miaka ya 1960 na 1970 una vipande viwili, mithili ya mshororo wa shairi. Maneno ni ukwapi, na magitaa ni utao. Mhakiki anayeusoma ukwapi akaufuta utao hajauhakiki wimbo, ameuhakiki nusu yake. Ili hoja hii isimame, inafaa kwanza tuvuke bahari hadi Uingereza, kwa sababu huko, katika miaka ile ile, vijana walioshika ala zile zile za umeme walikabiliana na swali lile lile: wimbo ufanye nini maneno yanapokwisha? Tofauti ni kwamba wao walipata wahakiki waliokaa kusikiliza hadi mwisho.

Pink Floyd walianza London mwaka 1965. Mwishoni mwa 1966 walikuwa wakipiga katika ukumbi wa UFO, barabara ya Tottenham Court, pamoja na Soft Machine, kundi lililochipukia Canterbury. Muziki wao uliitwa saikedelia, jina lililofungamana na dawa za kulevya za wakati ule, na ufungamano huo haukuwa uzushi. Syd Barrett, mtunzi mkuu wa Pink Floyd wa mwanzo, alikuwa nje ya kundi ilipofika 1968, akili yake ikiwa imedhoofika. Lakini kilichodumu katika sanaa ni umbo. Katika santuri yao ya kwanza ya 1967 mna kipande kisicho na neno hata moja kinachokaribia dakika kumi. Kinaanza kwa mpito mmoja wa gitaa, kinapotea katika vurugu za sauti, kisha mpito ule unarudi. Msikilizaji alitakiwa akubali kwamba safari ile yote ni wimbo.

Kwa wapenzi wa tungo kuna jambo la kuvutia zaidi. Procol Harum, waliopata umaarufu mwaka 1967 kwa wimbo uliojengwa juu ya kinanda chenye harufu ya Bach, walimhesabu Keith Reid kuwa mwanachama kamili wa kundi, ilhali hakupiga ala wala hakuimba. Kazi yake ilikuwa kutunga maneno. King Crimson, waliotoa santuri yao ya kwanza Oktoba 1969, walikuwa na Peter Sinfield kwa cheo kama hicho. Malenga aliketi bendini pamoja na wapigaji, na jina lake likaandikwa pamoja na yao. Kutoka hapo ndipo ilipokua ile roki ya progresivu, yaani roki iliyoukataa wimbo wa dakika tatu na kutaka utungo mrefu wenye milango mingi. Genesis, kundi lililoanza mwaka 1967 katika shule ya Charterhouse, lilitoa mwaka 1972 wimbo wa karibu dakika 23 wenye sehemu saba.

Urefu ule haukutokana na kipaji pekee. Santuri kubwa ya mizunguko 33 ilibeba zaidi ya dakika ishirini kila upande, na kampuni za London zilikuwa tayari kuzijaza dakika hizo. Chombo kilitoa nafasi, watunzi wakaitumia. Jambo hili tulishike, maana tutalihitaji tukifika Tabora.

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na hapo njia nyingine ilipinda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njia ile ilipitisha pembe na watu waliouzwa, na hakuna uhakiki unaostahili kuipamba. Lakini ilipitisha pia sauti. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba kwa kuitikiana, mmoja akitoa na wengi wakipokea, na mbele ya msafara alikwenda kirangozi, kiongozi aliyeijua njia na kuuwekea msafara mwendo. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa mwelekeo ule ule. Baada ya mizigo ya vichwani zikaja santuri za Kikyuba na, kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, rumba ya Kongo. Sidai kwamba gitaa la Tabora ni mtoto wa wimbo wa mpagazi. Nadai kwamba mji uliozoea kupokea ya pande mbili ulikuwa tayari kupokea gitaa na kulitia tabia yake.

Bendi zikawa nyingi kupita ukubwa wa mji. Kulikuwa na Kiko Kids, wakiongozwa na Salum Zahoro. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz, waliobeba jina la utemi wa kale. Na kulikuwa na Tabora Jazz, wana wa mtindo wa Segere Matata. Hata Western Jazz, iliyotamba Dar es Salaam, iliasisiwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake ni kumbukumbu ya Jimbo la Magharibi. Shem Karenga alitoka Kigoma akaingia Tabora Jazz, na huko akatunga "Dada Asha", wimbo ambao wengi waliupenda pasi na kumjua mtunzi.

Tutazame sasa umbo la nyimbo hizi. Kipande cha kwanza huenda taratibu. Sauti mbili au tatu huimba kwa pamoja maneno ya mapenzi, ya nasaha au ya lalamiko, na magitaa hukaa chini yake kwa adabu. Kisha mwendo hubadilika, sauti hupungua, na linaingia chemko. Rithimu hushika kauli fupi na kuirudia bila kuchoka. Gitaa la pili hulijibu la kwanza. Besi huacha mianya mahali ambapo sikio lingetegemea pigo. Juu ya yote, solo husema jambo, hulirudia kwa kubadilisha noti moja, kisha hulirudia tena kwa kubadilisha mbili. Mjuzi wa tungo ataitambua kazi hii mara moja. Kauli ya rithimu ni kina kinachotua mahali pake kila mara, na solo ni maana inayolazimika kusonga mbele bila kukivunja kina kile. Ugumu wa mshairi anayetunga beti ishirini kwa kina kimoja ndio ugumu wa mpigaji solo katika chemko.

Ukwapi na utao huo haukubandikwa tu. Wimbo unaomlilia mpenzi aliyeondoka hauwezi kuishia katika kilio. Chemko hulichukua lalamiko lile lile na kulipeleka mahali ambapo maneno hayafiki, mahali ambapo aliyeachwa anacheza pamoja na wengine. Hilo ndilo jibu la wimbo, na limetolewa kwa nyuzi. Atakayeyasoma maneno peke yake ataona lalamiko lisilo na mwisho, na atasema mtunzi hakujua kufunga.

Sasa tukirudie chombo. Nyimbo hizi zilichapwa katika santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu. Mara nyingi wimbo ulikatwa katikati: kipande cha kwanza upande huu, cha pili upande wa nyuma, na mpigaji anayekolea akazimwa polepole kwa kuwa nafasi imekwisha. Kanda za Redio Tanzania nazo zilipangwa kwa kipimo cha vipindi vya redio. Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Huko chemko lilidumu kadiri miguu ya wachezaji ilivyoruhusu. Kwa hiyo anayelinganisha dakika 23 za Genesis na dakika nne za Tabora Jazz, akahitimisha kuwa Waingereza walikuwa na pumzi ndefu, amepima ukubwa wa sahani akadhani amepima chakula.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Kuziita bendi za Tabora za progresivu au za saikedelia ni kuwavika watu wazima nguo za kuazima. Wimbo mrefu wa Kiingereza ni nyumba ya vyumba vingi: unatoka hapa, unaingia pale, na kila chumba kina rangi yake. Chemko ni duara linaloongezewa uzito kila linapozunguka. Waingereza walitaka msikilizaji aketi. Tabora ilitaka asimame. Na kila upande ulikuwa na kasoro yake. Malenga wa London, walipopewa kiti bendini, mara nyingi waliyarundika maneno hadi yakazama kwa uzito wake, wafalme na wachawi wakajaa pasipo na sababu. Watunzi wa Tabora waliyaacha maneno yakiwa matupu na ya kweli, lakini baadhi ya nyimbo zao ziliyarudia yale yale, na rumba ya Kongo ilisikika mno pale ambapo sauti ya nyumbani ingetosha.

Njia ya msafara ilikuwa na ncha mbili, na historia imezifungamanisha zote mbili na roki ya Kiingereza. Katika ncha ya bahari, Mji Mkongwe, alizaliwa Farrokh Bulsara tarehe 5 Septemba 1946. Alihamia Uingereza na familia yake mwaka 1964, akawa Freddie Mercury, na santuri ya pili ya Queen, ya mwaka 1974, yenye upande mweupe na upande mweusi, iko karibu kabisa na kile tulichokiita progresivu. Katika ncha ya bara, nchi ya Maniema, ambako Tippu Tip alijenga himaya yake na misafara ikaacha Kiswahili kinachosemwa hadi leo, alizaliwa Remmy Ongala, Kindu, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978. Mwaka 1989 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yule yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis hadi 1975, ilitoa santuri ya Remmy na Super Matimila, na nyingine ikafuata mwaka 1992. Ncha zote mbili zikasikika London. Katikati ya njia, Tabora ikabaki kimya katika masikio ya dunia.

Wasikilizaji wengi wa Kiingereza walioipenda Super Matimila hawakujua Kiswahili. Walichosikia ni utao: magitaa, mwendo, duara. Mahubiri ya Remmy juu ya kifo na umaskini yaliwapita kando. Sisi tunaojua Kiswahili tumefanya kinyume chake: tumeshika ukwapi, tukamsifu mtu wa nasaha, na magitaa yaliyoibeba nasaha tukayaita burudani. Wageni wamebaki na nusu, wenyeji tumebaki na nusu, na wimbo wenyewe haujapata msikilizaji wake kamili.

Sisi wa visiwani hatuna udhuru. Bashraf tunaijua. Tangu zama za mwanzo za Ikhwani Safaa, waliounda kikundi chao mwaka 1905, tumezoea kuketi kimya ala zikizungumza kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, na hakuna anayesema kuwa taarabu haijaanza. Heshima tunayoipa bashraf, inayotangulia maneno, chemko linaloyafuata linastahili sehemu yake. Kama tunalinyima kwa kuwa limetoka bara na linachezwa kwa miguu, basi tuseme wazi kuwa hayo ni mambo ya nasaba, hayahusiani na uhakiki.

Remmy alifariki mwaka 2010, Shem Karenga mwaka 2014. Waliobaki wa kizazi kile ni wachache, na wao ndio wanaokumbuka chemko lilivyokuwa kabla halijakatwa ili litoshe katika santuri. Maneno ya nyimbo zao yanaweza kuandikwa na yeyote mwenye kalamu. Kauli ya rithimu, jibu la gitaa la pili, mahali solo ilipokuwa ikipinda ukumbini baada ya saa sita za usiku, hayo hayamo katika karatasi yoyote. Mhakiki anayekwenda kwa wazee hao akiwa na daftari la maneno peke yake atarudi na ukwapi, na utao utazikwa nao.