Ray Lema na ngoma zetu: hesabu imevuka, maneno yamebaki

Tukizungumza juu ya mila, tumezoea kuanza na wazee wa kijiji. Safari hii tunaanza na mtu wa piano, ambaye wala si mzaliwa wa Maniema. Tumemchagua Ray Lema kwa sababu moja: ni mmoja wa wanamuziki wa inchi yetu waliosisitiza kwamba mpiga ngoma wa kijijini ni mwalimu, na kwamba anachofundisha ni elimu kamili. Je, kazi yake inathibitisha neno hilo? Ndilo tunalopima hapa.

Lema A'nsi Nzinga alizaliwa mwaka 1946 kwenye stesheni ya Lufu-Toto, Bas-Congo, mama yake akiwa safarini kwa treni. Alipelekwa seminari apate kuwa padri. Huko mapadri waligundua kipaji chake, wakamfundisha ogani, nyimbo za Kilatini, na kazi za Mozart na Chopin. Upadri haukufika. Alianza masomo ya kemia kule Lovanium, akayaacha, akaingia katika orkestra za Kinshasa, akapiga na watu kama Tabu Ley na Abeti. Tukumbuke kwamba wakati ule neno "jazz" kwetu lilikuwa zaidi jina la orkestra: African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco iliyoanza 1956. Muziki wenyewe ulikuwa rumba. Jazz ya Ray Lema ilitokea penginepo, na mlango wake ulikuwa ngoma za vijiji.

Mwaka 1974 aliwekwa kuwa mkuu wa muziki wa Ballet national ya Zaire. Kazi hiyo ilimtuma kuzunguka inchi, kukutana na wapigaji wa makabila mbalimbali na kuwafanya wapige pamoja. Yeye aliyekuwa amesoma noti kwa mapadri alijikuta mwanafunzi tena, maana noti hazikutosha kueleza alichokisikia.

Tufafanue kidogo. Chukua mzunguko wa mapigo 12. Mpigaji wa kwanza anapiga kila pigo la tatu: atapiga mara 4. Wa pili anapiga kila pigo la nne: atapiga mara 3. Wote wawili wanakutana pale mzunguko unapoanza, kisha kila mmoja anashika njia yake mpaka wakutane tena. Ongeza wa tatu anayeingia kwa kuchelewa, na kengele inayoshika mstari. Mgeni atasema, hii ni fujo. Kumbe kila mtu yuko mahali pake, na mzunguko unawafunga wote kama gurudumu. Hakuna anayemfuata mwenzake. Kila mmoja anamsikiliza. Hiyo ni hesabu, na wazee wetu waliifundisha bila karatasi.

Gurudumu hilo ndilo Ray Lema alilopeleka kwenye piano. Mwaka 1979 alikwenda Marekani kwa msaada wa shirika la Rockefeller, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akakaa Ufaransa. Kuanzia hapo amekutana na watu wengi: sauti za wanawake wa Bulgaria wa kundi la Pirin (1992), orkestra ya Sundsvall kule Sweden (1998), Wagnawa wa Essaouira (2000), orkestra ya Jazz Sinfônica ya São Paulo. Kila mahali amepeleka somo lake kwa wapigaji wengine, kama mwalimu anayebadilisha kalasi. Wengine wanaona huko ni kutangatanga. Sisi hatukubali. Bulgaria nao wana midundo ya hesabu ngumu. Mtu aliyefundishwa na ngoma zetu hakuwa mgeni kwao.

Ila tuseme wazi, diski zote hazilingani. Katika zile za Paris za miaka ya 1980, mashine zinashika mdundo kwa ukali mno, na gurudumu linakuwa reli iliyonyooka. Kwetu sisi kazi bora ni Mizila ya mwaka 2004, piano peke yake. Hapo hakuna pa kujificha. Mkono wa kushoto unashika mzunguko wake, wa kuume unashika mwingine, na msikilizaji wa hapa Kindu anaweza kutambua: njo ngoma hii!

Hata hivyo kuko jambo ambalo piano haikuweza kulibeba. Ngoma zetu hazihesabu tu, zinasema. Ile ngoma ya gogo lililotobolewa, isiyo na ngozi, ambayo Watetela wanaita lokombe, ina sauti ya juu na sauti ya chini kwa sababu lugha yenyewe ina sauti hizo. Inaita watu, inatangaza kifo, inataja majina ya sifa. Kwa Warega, katika Bwami, wimbo, mchezo na methali vilikwenda pamoja, na mtu alipanda ngazi kwa kujifunza maana. Wabelgiji walipopiga marufuku Bwami mwaka 1948, hawakufunga mchezo tu, walifunga shule.

Ballet ya 1974 nayo, ingawa ilitukuza ngoma, iliiondoa kwenye kazi yake. Ngoma ya msiba ikawa ya jukwaani, mbele ya wakubwa wa chama. Jina la kiongozi tunalijua. Wazee waliomfundisha hawakupata sifa kama hiyo. Hatumlaumu Ray Lema peke yake, siasa ya wakati ule ilitaka hivyo. Lakini matokeo yake yanasikika katika piano: hesabu imevuka bahari, maneno yamebaki kijijini. Labda ndiyo sababu albamu yake ya 2020 ya kumkumbuka Franco inatugusa kwa namna nyingine. Zile ni nyimbo ambazo watu wanajua maneno yake, na mdundo unapata tena cha kusema.

Basi, sisi wa Maniema tuchukue nini? Siku hizi kijana wa korali akinunua kinanda cha umeme, mdundo uko tayari ndani; anabonyeza, mashine inapiga. Hajui kama babu yake alikuwa na gurudumu la kwake. Ray Lema ameonyesha kwamba vidole kumi vinaweza kulibeba. Sehemu ya pili ni yetu, wala hakuna atakayekuja toka Paris kutufanyia. Tukae na wapigaji wazee ambao tuko nao bado. Tuandike kila mdundo pamoja na maneno yake, kwa lugha yake, na jina la mzee aliyetufundisha. Mdundo bila maneno, hata ukipigwa vizuri namna gani, ni barua iliyofika bila kusomwa.